Namna ya Kuchagua Kozi ya Chuo Kikuu na Kuyafurahia Maisha ya Kampasi: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Kila msimu wa udahili maswali yanayonifikia hufanana, na kila muhula wa pili malalamiko nayo hufanana: kozi imegeuka kuwa kitu nisichokitarajia, muda hautoshi, marafiki sina, au marafiki ninao lakini masomo yamenishinda. Wengi wa wanaolalamika walikuwa na alama nzuri, na walifikiri kwa muda mrefu kabla ya kujaza fomu. Tatizo ni kwamba walifikiria jina la kozi na cheo kitakachokuja baada yake, wakasahau kuwa kati ya jina na cheo kuna maelfu ya saa za kusoma, kukokotoa, kuchora, kuandika au kuhudumia wagonjwa, na kwamba saa hizo ndizo mwanafunzi atakazoziishi.

Kwa hiyo mwongozo huu unatumia kipimo kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, nacho ni saa. Kozi tutaichagua kwa kuangalia saa zake zinajazwa na kazi gani, na maisha ya kampasi tutayapanga kwa saa zinazobaki. Neno «kozi» humu lina maana ya programu nzima inayokupa shahada. Vipande vyake vya kila muhula nitaviita «masomo».

## Vitu vya kuandaa kwanza

Usianze hatua ya kwanza kabla vitu hivi havijawa mezani, kwa sababu nusu ya makosa hutokana na kukisia jambo ambalo limeandikwa wazi mahali fulani.

- Matokeo yako ya mitihani, somo kwa somo; kama hayajatoka, makisio ambayo hata mwalimu wako angeyakubali.
- Mwongozo wa udahili wa mwaka huu kutoka kila chuo unachokifikiria. Wa mwaka jana hautoshi, maana masharti hubadilika.
- Mtaala wa kila kozi unaoonyesha masomo ya kila muhula, krediti zake (kipimo cha muda wa kazi ya kila somo), yapi ni ya lazima na yapi ni ya hiari. Usipouona kwenye tovuti ya chuo, uombe katika ofisi ya idara husika.
- Ratiba halisi ya wiki ya wanafunzi wa mwaka wa pili wa kozi hiyo, hata ikiwa ni ya mwaka uliopita.
- Mchanganuo wa ada na gharama nyingine kwa miaka yote ya masomo.
- Watu wawili wa kuzungumza nao: mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu, na mtu aliyeajiriwa katika fani hiyo kwa miaka michache.
- Daftari, kalamu za rangi nne, na wiki mbili kamili kabla ya mwisho wa maombi.

Kitu cha mwisho ndicho kinachokosekana zaidi. Anayeanza kazi hii siku mbili kabla ya dirisha la udahili kufungwa atachagua kwa kusikia rafiki yake amechagua nini.

## Sehemu ya kwanza: kuchagua kozi

### Hatua ya 1: Orodhesha kazi unazoweza kuzifanya bila kusukumwa

Andika kwenye daftari kazi kumi ambazo umewahi kuzifanya kwa saa mbili mfululizo bila mtu kukulazimisha wala kukuahidi zawadi. Tumia vitenzi, usitumie majina ya taaluma. «Kufungua redio mbovu na kutafuta kilichoharibika» ni jibu zuri, «uhandisi» halitusaidii. «Kumweleza mdogo wangu hesabu hadi akaelewa», «kusoma habari za kesi na kubishana nazo», «kupanga mapato na matumizi ya kikundi», yote haya yanafaa.

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba kupenda somo shuleni kunaweza kukudanganya. Huenda ulilipenda kwa sababu ya mwalimu wake, au kwa sababu lilikuwa jepesi. Vilevile, chuoni somo hubadilika sura. Anayekwenda saikolojia kwa kupenda kusikiliza matatizo ya watu hukutana na takwimu mwaka wa kwanza. Anayependa kutumia kompyuta hukuta sayansi ya kompyuta imejaa hisabati ya mantiki na uthibitisho wa kanuni. Uchumi una kalkulasi, biashara ina uhasibu, sheria ni kusoma hukumu ndefu kwa makini siku baada ya siku, na usanifu wa majengo ni kukesha studioni kisha kusimama mbele ya wenzako mchoro wako ukichambuliwa bila huruma. Uuguzi una zamu za usiku hata kabla ya kuhitimu.

Umefaulu hatua hii ikiwa mtu anayekufahamu vizuri, akisoma orodha yako bila kuona jina, atasema kuwa huyu ni wewe.

### Hatua ya 2: Ondoa mapema kozi ambazo mlango wake umefungwa

Linganisha matokeo yako na masharti ya udahili, ukitenganisha mambo mawili ambayo waombaji wengi huyachanganya. La kwanza ni sifa za chini za kujiunga, ambazo ukizikosa ombi lako halisomwi kabisa. La pili ni ushindani: katika kozi yenye nafasi chache, aliyetimiza sifa za chini bado anaweza kuachwa kwa sababu waombaji wenye alama za juu zaidi wamejaza nafasi. Chuo kikichapisha alama za waliochaguliwa mwaka uliotangulia, zitazame hizo pia.

Kozi ambazo hukutimiza sifa zake, zifute bila kuzionea huruma, isipokuwa kama kuna njia nyingine iliyoandikwa rasmi, kama vile kuanza na stashahada au mwaka wa maandalizi. Usikubali njia inayosemwa kwa mdomo tu na mtu anayedai kuwa na jamaa ofisini.

### Hatua ya 3: Soma mtaala, hasa wa mwaka wa pili

Hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko zote, na ndipo watu wanaporuka. Mwaka wa kwanza hudanganya kwa sababu una masomo mengi ya utangulizi yanayofanana katika kozi tofauti, na mwaka wa mwisho nao una masomo ya hiari yenye majina ya kuvutia. Mwaka wa pili ndio uti wa mgongo wa kozi. Ukitaka kujua kozi ni nini, jiulize utakuwa unafanya nini saa nne asubuhi ya Jumanne ya kawaida katika mwaka huo.

Chukua kalamu zako nne. Masomo yanayotawaliwa na kukokotoa yapigie mstari mwekundu. Ya kusoma na kuandika insha, bluu. Ya vitendo, yaani maabara, studio, wodi au uwandani, kijani. Na yanayotegemea kazi za vikundi na kuwasilisha mbele ya watu, mweusi. Kama jina la somo halikuambii linahusu nini, soma maelezo yake mafupi, kisha tazama linapimwaje. Somo ambalo asilimia 70 ya alama zake zinatokana na mtihani mmoja wa mwisho ni tofauti kabisa na lile linalopimwa kwa miradi, hata yakiwa na jina moja.

Kisha hesabu saa. Krediti ni namna ya vyuo ya kukuambia muda unaotarajiwa kuutumia, na kila mfumo una kipimo chake. Katika mfumo wa krediti wa Ulaya uitwao ECTS, mwaka mmoja wa masomo ya muda wote ni krediti 60, na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, kwa hiyo mwaka una saa 1,500 hadi 1,800. Shahada ya miaka mitatu inafikia saa 4,500 hadi 5,400. Uingereza huhesabu krediti 120 kwa mwaka na saa 10 kwa kila krediti, jumla saa 1,200. Nchini Marekani, saa moja ya krediti humaanisha saa moja ya darasani na angalau saa mbili za kazi nje ya darasa kila wiki kwa muhula wa wiki 15 hivi, kwa hiyo mwanafunzi aliyejisajili kwa krediti 15 anatarajiwa kufanya kazi saa 45 kwa wiki. Tafuta tafsiri inayotumiwa na chuo unachokiomba, uzidishe mwenyewe.

Jumla hiyo bado haitoshi kukuonyesha maisha yako yatakavyokuwa. Kozi mbili zenye krediti sawa zinaweza kutofautiana sana kwa saa za kukaa darasani. Kozi ya historia au fasihi huenda ikakuita darasani saa kumi hivi kwa wiki na kukuachia saa nyingine zote ukiwa na vitabu vyako. Kozi ya uhandisi au famasia yenye maabara inaweza kukushikilia kwa zaidi ya saa 20. Kwa mtu asiyejisukuma mwenyewe, ratiba iliyo wazi ni hatari kuliko ratiba iliyojaa, na hili nimeliona likiwaangusha wanafunzi wenye akili sana.

Jihadhari pia na majina. Sayansi ya kompyuta, uhandisi wa kompyuta na teknolojia ya habari ni kozi tatu tofauti, lakini chuo kimoja kinaweza kuita «teknolojia ya habari» kile ambacho kingine kinakiita «sayansi ya kompyuta». Vivyo hivyo uchumi unaweza kuwa kozi ya hisabati katika chuo kimoja na kozi ya sera katika kingine. Linganisha masomo kwa masomo, usilinganishe vichwa vya habari.

Ukimaliza, kila kozi itakuwa na ukurasa wake wenye rangi na namba mbili: saa za kazi kwa wiki, na kati ya hizo, saa za darasani. Weka ukurasa huo pembeni ya orodha ya hatua ya kwanza. Ikiwa rangi inayotawala ukurasa haimo kabisa katika orodha yako, hilo ni onyo, hata kama jina la kozi linapendeza masikioni.

### Hatua ya 4: Hakiki ithibati na mlango ambao shahada itaufungua

Chuo kutambuliwa na serikali ni jambo moja, kozi kutambuliwa na chombo cha taaluma ni jambo lingine. Unaweza kusoma katika chuo halali ukahitimu kozi ambayo haikuruhusu kusajiliwa kama mhandisi, mfamasia au mwanasheria. Tafuta jina la chombo kinachotoa leseni katika nchi unayotarajia kufanyia kazi, kisha angalia katika orodha yake yenyewe kama kozi hiyo imo. Tangazo la chuo lisiwe ushahidi wako pekee.

Anayefikiria kufanya kazi nje ya nchi aliyosomea apige hatua moja zaidi. Katika uhandisi kuna Makubaliano ya Washington, yaliyotiwa saini mwaka 1989, ambayo kwayo vyombo vya nchi wanachama hutambuliana ithibati za shahada za uhandisi. Katika udaktari kuna orodha ya dunia ya vyuo vya tiba ambayo Shirikisho la Dunia la Elimu ya Tiba, WFME, linashiriki kuiendesha. Chuo kuwamo ndani ya orodha hiyo si sawa na kupewa ithibati, kwa hiyo soma taarifa zake hadi mwisho.

Angalia pia urefu wa safari nzima. Katika nchi nyingi udaktari husomwa moja kwa moja kwa miaka mitano au sita. Marekani mtu humaliza kwanza shahada nyingine, ndipo aingie chuo cha tiba kwa miaka minne. Sheria huwa na hatua ya mafunzo au mitihani ya kitaaluma baada ya shahada. Andika hatua zote kwenye mstari mmoja, kuanzia siku ya kuanza hadi siku ya kupata leseni. Mstari ukikamilika bila pengo, umemaliza hatua hii.

### Hatua ya 5: Onja kozi kabla ya kuila

Chagua kozi tatu zilizobaki na uzijaribu. Vyuo kadhaa vimeweka masomo yake wazi mtandaoni bila malipo. MIT OpenCourseWare, mpango wa chuo cha MIT cha Marekani uliotangazwa mwaka 2001, una mihadhara, mazoezi na mitihani ya masomo mengi sana. Tazama mihadhara mitatu ya somo la mwaka wa pili, kisha fanya zoezi lake moja hadi mwisho, kalamu mkononi. Kutazama peke yake hakukuambii chochote, kwa sababu mhadhiri hodari huifanya kila kozi ionekane tamu.

Baada ya hapo zungumza na wale watu wawili. Mwanafunzi usimwulize kama kozi ni nzuri. Atakujibu kwa hisia za siku hiyo. Mwulize jana alifanya nini tangu asubuhi hadi alipolala, somo gani huwarudisha wengi kwenye mitihani ya marudio na kwa nini, mhadhiri hupatikana vipi nje ya darasa, na angekuwa na nafasi ya kuchagua upya angechagua nini. Mfanyakazi mwulize siku yake ya kawaida imejaa kazi gani, na ni somo gani la chuoni analolitumia hadi leo.

Kama baada ya kuchoka na zoezi bado una hamu ya kujua jibu sahihi, kozi hiyo ipande juu katika orodha. Kutoelewa si tatizo kwa sasa. Kutotaka kuelewa ndilo tatizo.

### Hatua ya 6: Piga hesabu ya fedha hadi mwaka wa mwisho

Jumlisha ada, malazi, chakula, usafiri na vifaa kwa miaka yote, usijumlishe mwaka wa kwanza peke yake. Vifaa ndivyo vinavyosahaulika: usanifu una michoro na mifano ya majengo, maabara zina makoti na miwani, kozi za uwandani zina safari. Kama unategemea mkopo au ufadhili, soma unafikia miaka mingapi na una sharti gani la alama. Kozi ya miaka mitano yenye ufadhili wa miaka mitatu inahitaji mpango kabla ya kuianza.

### Hatua ya 7: Panga mapendekezo, ukianzia chini

Waombaji hutumia nguvu zote kwenye chaguo la kwanza, kisha hujaza nafasi zilizobaki kwa dakika kumi. Matokeo yake, wengi hujikuta katika chaguo la nne ambalo hawakuwahi hata kufungua mtaala wake. Ndiyo maana nashauri uanze na chaguo la mwisho: liwe kozi ambayo sifa zako zinatosha kwa nafasi nzuri, na ambayo ukiipata utaisoma bila kujiona umetupwa. Halafu panda juu hadi kozi unayoitaka kuliko zote, hata kama ushindani wake ni mkali. Kozi ambayo hungeweza kuivumilia kwa muhula mmoja isiingie kabisa katika fomu.

Mzazi au mlezi akiwa na kozi yake mdomoni, usianze kwa kupinga. Mara nyingi mzazi anayetaja udaktari anachokitaka ni uhakika wa ajira na heshima ya mtoto wake. Mwonyeshe ukurasa wako wenye rangi, mstari wa leseni na hesabu ya fedha, kisha umwombe naye aeleze hofu yake. Mtoto aliyekuja na karatasi husikilizwa tofauti na aliyekuja na hasira, na wakati mwingine mzazi naye ana hoja ambayo hukuiona.

Fomu ikiwa tayari, mpe mtu mwingine aisome, hakiki kila namba ya kozi, na uitume angalau siku tatu kabla ya mwisho. Hifadhi nakala ya uthibitisho.

## Sehemu ya pili: kuishi kampasi na kufurahia

### Hatua ya 8: Chora wiki ya saa 168 kabla ya muhula kuanza

Wiki ina saa 168 kwa kila mtu. Toa saa 56 za kulala, yaani nane kila usiku, zinabaki 112. Toa saa 45 za masomo, darasani na nje ya darasa, zinabaki 67. Toa saa tatu kwa siku za kula, kuoga, kufua na kutembea, jumla 21, zinabaki 46. Saa hizo 46 ndizo maisha yako ya kampasi. Hata ukifanya kazi ya kujikimu kwa saa kumi, bado una 36.

Naisisitiza hesabu hii kwa sababu inafuta uongo unaosambaa kila mwaka, kwamba mwanafunzi hawezi kufaulu, kulala na kuwa na marafiki kwa wakati mmoja. Zinazowamaliza wengi ni saa zisizo na jina: kusoma huku simu iko mkononi, kukaa na watu huku akiwaza zoezi lililolala, kupanda kitandani saa nne usiku na kulala saa nane. Saa hizo hazihesabiki kuwa masomo wala starehe.

Kwenye ratiba yako weka kwanza usingizi na vipindi vya darasani, kisha jaza masomo binafsi katika mapengo ya mchana kati ya vipindi, kabla hujarudi bwenini. Acha jioni mbili na nusu siku moja ya mwisho wa wiki bila masomo kabisa, na uziandike kwenye ratiba kama unavyoandika mhadhara. Utajua imefaulu pale utakapokuwa umekaa na wenzako jioni hiyo bila dhamiri kukusuta.

### Hatua ya 9: Tafuta watu kwa kurudi mahali pale pale

Upweke wa mwaka wa kwanza ni wa kawaida kuliko inavyoonekana, maana kila mtu anauficha. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, alikadiria kuwa watu huhitaji saa 50 hivi za kuwa pamoja ili kutoka kujuana hadi urafiki wa kawaida, saa 90 hivi kuwa marafiki kweli, na zaidi ya 200 kuwa marafiki wa karibu. Kama wiki ya tatu hujapata rafiki wa kumfungulia moyo, hujashindwa, saa hazijatimia.

Fundisho lake kwa vitendo ni kwamba sherehe moja kubwa haina nguvu kama mkutano mdogo unaojirudia kila wiki. Jiunge na vikundi viwili tu, kimoja cha kutumia mwili, kama michezo, ngoma au matembezi, na kingine cha kutumia akili, mikono au imani. Anayejiandikisha katika vikundi saba wiki ya kwanza huwa amebaki bila hata kimoja wiki ya sita. Darasani kaa karibu na mahali pale pale kwa wiki tatu za mwanzo. Nyuso zitazoeana, na swali dogo kuhusu zoezi litafungua mlango.

Marafiki wa wiki ya kwanza hamkuandikishana mkataba. Ukiona kundi linakuvuta kwenye ulevi, kamari au kukwepa vipindi, kupunguza saa unazokaa nalo kunatosha. Hakuna haja ya ugomvi. Katika mapenzi na katika sherehe, ridhaa iwe wazi kwa pande zote, na mtu aliyelewa hana uwezo wa kuitoa. Ukitoka usiku, rudi na uliotoka nao, na mwenzako mmoja ajue uko wapi.

### Hatua ya 10: Soma kwa namna inayorudisha saa

Mwanafunzi mpya husoma kwa kurudia kusoma, kwa sababu kufanya hivyo kunampa hisia kwamba anajua. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi makala za kusoma. Baadhi walizisoma tena, wengine walijipima kwa kuandika wanachokikumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo, lakini baada ya siku mbili na baada ya wiki moja, waliojipima ndio walikumbuka zaidi.

Basi siku ile ile ya mhadhara, funga daftari, uandike kwa dakika 15 yale unayoyakumbuka, kisha ufungue uone ulichokosa. Rudia zoezi hilo baada ya siku mbili na tena baada ya wiki. Masomo ya kukokotoa yapime kwa kutatua maswali mapya, maana kufuata kwa macho suluhisho la mwenzako ni kusoma hadithi. Usipoelewa jambo kwa siku mbili, nenda kwa mhadhiri katika saa zake za kupokea wanafunzi ukiwa na swali lililoandikwa na jaribio lako la kulijibu. Saa hizo mara nyingi hupita ofisi ikiwa tupu hadi wiki ya mitihani, ndipo foleni inapofika kwenye ngazi.

### Hatua ya 11: Weka mipaka ya fedha na chumba wiki ya kwanza

Fedha ya muhula ikiingia, toa siku hiyo hiyo ada, kodi na akiba ya dharura, kisha gawanya iliyobaki kwa idadi ya wiki za muhula, ukihesabu na wiki za mitihani. Jitolee fungu la wiki moja kila Jumatatu. Fungu likiisha Alhamisi, tatizo unaliona likiwa bado dogo. Usikope ili kufuata mavazi au simu za wengine.

Na mnaolala chumba kimoja, zungumzeni mapema kuhusu muda wa kuzima taa, wageni, usafi, kelele na vitu vya kuazimana. Mazungumzo haya yana aibu kidogo wiki ya kwanza. Wiki ya nane yanakuwa ugomvi.

### Hatua ya 12: Jikague wiki ya sita, na ubadili kozi ukihitaji

Kabla ya kusema «kozi si yangu», tenganisha visababishi vitatu. Kama hujafuata ratiba na njia ya kujipima kwa wiki tatu mfululizo, jaribu hilo kwanza. Kama masomo yanakwenda lakini kila kitu kinakosa ladha, huenda ni upweke, uchovu au kukumbuka nyumbani, na kozi mpya haitaponya hayo. Kama unalala vizuri, una watu, unafaulu mazoezi, na bado unaichukia kazi yenyewe pamoja na ile ya mwaka wa pili inayokungoja, basi tatizo ni kozi.

Hapo usingoje mwaka uishe. Tafuta tarehe ya mwisho ya kubadili kozi, uliza masomo yapi uliyoyafaulu yatahamishwa, na hakiki kama mkopo au ufadhili wako unaruhusu uhamisho. Ipitishe kozi mpya katika hatua ya 3 hadi ya 6 kama ulivyofanya mwanzo. Usiache kuhudhuria kimyakimya, kwa sababu masomo uliyoyatoroka mara nyingi huandikwa kama uliyoyafeli. Kama ugonjwa au msiba umekuzuia, omba rasmi kuahirisha muhula, na ushikilie barua ya majibu.

Ukikosa usingizi au hamu ya kula kwa zaidi ya wiki mbili, mwone mshauri wa wanafunzi au kituo cha afya cha chuo. Mawazo ya kujidhuru hayasubiri miadi: mwambie mtu mzima unayemwamini na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mwenzako akikuambia anayo, mpeleke wewe mwenyewe.

Siku ya mwisho ya mitihani, toa ile karatasi ya saa 168 na uandike pembeni saa ulizozitumia kweli. Tumia namba hizo kupanga muhula wa pili, na usajili masomo yako ya hiari kabla hujafunga begi, kwa sababu yanayopendwa hujaa mapema.